Wiki ya Pili Baada ya Mlipuko

Masomo ya juma: Kumbukumbu la Torati 21:1–9, Luka 13:1–9



Tarehe 7 Agosti imeangukia juma hili, na kama ilivyo desturi kuna watakaokwenda kwenye ile bustani ndogo ya kumbukumbu, makutano ya Moi Avenue na Haile Selassie, wasimame mbele ya ukuta wenye majina. Vijana wetu wa kwaya hawakuwa wamezaliwa mwaka 1998, kwa hiyo niwasimulie kidogo. Ilikuwa Ijumaa, saa nne na nusu hivi asubuhi, mji umejaa na barabara zimeziba. Kwanza palisikika mshindo wa guruneti. Watu wa ofisi za jirani wakakimbilia madirishani waone kuna nini, na lori lenye bomu lilipolipuka nyuma ya ubalozi wa Marekani, vioo viliwakuta wamesimama papo hapo. Ndiyo sababu wengi walipofuka siku ile. Jengo la Ufundi, lililokuwa na chuo cha uhazili ndani yake, liliporomoka lote. Nairobi walikufa watu 213, na Wamarekani miongoni mwao walikuwa 12. Dakika chache baadaye bomu la pili lililipuka Dar es Salaam, kwenye ubalozi uliokuwa Oysterbay, likaua watu 11.

Habari za waliotega mabomu hayo zimeandikwa sana, na mahakama zimewashughulikia baadhi yao. Mimi nataka tujiangalie sisi, watu wa mji, tunavyofanya mambo kama haya yakitufika. Nitasema mapema ninachokiona: siku ya kwanza Nairobi hufanya vizuri kuliko miji mingi. Tatizo letu huanza wiki ya pili.

Siku ya kwanza hakuna anayengoja kuamriwa. Mwaka 1998 matatu ziliwashusha abiria zikapakia majeruhi, na makanga waliozoea kuitana matusi wakawa wanasaidiana kubeba watu. Mashine za kunyanyua vifusi zilikuwa hazijafika, kwa hiyo watu walichimba kwa mikono. Mwanamke mmoja aliyenaswa chini ya Ufundi alikuwa akizungumza na waokoaji, na nchi nzima ikawa inamwombea kwa jina, hata wale ambao hawakuwahi kuiona sura yake. Hakutolewa akiwa hai. Kuna wazee hapa kanisani ambao mpaka leo jina lake likitajwa wananyamaza kwanza.

Miaka 15 baadaye, Jumamosi ya tarehe 21 Septemba 2013, ikawa jengo la maduka la Westgate. Jengo lilizingirwa siku nne, na watu 67 wakauawa, akiwemo mshairi Kofi Awoonor wa Ghana, aliyekuja Nairobi kwa tamasha la fasihi. Tena mji ukajitokeza. Foleni za kutoa damu Uhuru Park na kwingineko katikati ya jiji zilikuwa ndefu kiasi kwamba wengine waliambiwa warudi kesho, na kesho yake wakarudi. Michango ya M-Pesa ikamiminika. Wahindi wa jamii ya Oshwal walifungua kituo chao kilicho karibu na Westgate, na hapo waokoaji, wauguzi, waandishi wa habari na familia zilizokuwa zikingoja habari wakapata chakula, chai na mahali pa kukaa. Ndani ya jengo raia wenye bastola zao waliingia kutoa watu. Mmoja wao alikuwa Abdul Haji, ambaye leo ni seneta, Mwislamu na Msomali. Alikwenda kumtafuta ndugu yake akaishia kuwatoa watu asiowajua. Picha ya msichana mdogo akimkimbilia huku amenyoosha mkono ilizunguka dunia nzima.

Kama hujawahi kutoa damu, nikueleze inavyokwenda, maana nimegundua wengi wetu huogopa kisichoogopesha. Unaketi, unaulizwa umri, uzito, magonjwa uliyougua, kama umekula. Kidole kinachomwa sindano ndogo, na tone moja linadondoshwa kwenye kichupa cha maji ya buluu. Tone likizama, damu yako ina nguvu ya kutosha. Likielea, unaambiwa nenda kale mboga za majani na maini, urudi siku nyingine. Kisha unalala kwenye kitanda, unapewa kampira ka kufinyafinya mkononi, na mfuko wa chini kidogo ya nusu lita unajaa kwa dakika chache. Mwisho unapewa soda na biskuti. Katika maswali yote unayoulizwa, hakuna la kabila wala la dini. Kundi pekee linalotafutwa ni la damu.

Hapo ndipo nawaomba tutulie kidogo.

Kumbukeni namna mashambulizi haya yanavyofanywa. Westgate, baadhi ya watu waliulizwa maswali ya Kiislamu, na aliyejibu vizuri akaachwa. Chuo Kikuu cha Garissa, Alhamisi Kuu ya tarehe 2 Aprili 2015, wanafunzi walitengwa kwa dini kabla ya kupigwa risasi, na waliouawa wakafika 148. Basi la Mandera, Novemba 2014, abiria 28 waliteremshwa wakauawa kwa sababu hawakuwa Waislamu. Hawa wauaji kazi yao ya kwanza ni kutenga, bunduki hufuata. Walioingia Westgate walikuwa wanne. Watu wanne hawawezi kuuvunja mji wa mamilioni, na wanalijua hilo. Wanachotegemea ni kwamba sisi wenyewe, wakishakufa au wakishakimbia, tutaendelea kuulizana pale walipoachia.

Na tumewahi kuendelea. Nasema hili kwa uzito kwa sababu linaligusa kanisa letu la Kianglikana. Jumapili ya tarehe 30 Septemba 2012 guruneti lilirushwa kwenye Shule ya Jumapili ya Mtakatifu Polikarpo, Juja Road. Mtoto mmoja alikufa na wengine wakajeruhiwa. Hakuna neno la kutosha kwa jambo kama hilo, na hasira ya wazazi wale siihukumu hata kidogo. Lakini haikupita siku kabla vijana wa mitaa ya jirani hawajawageukia Wasomali kwa mawe. Tarehe 18 Novemba mwaka uleule matatu ililipuka Eastleigh, na kesho yake nyumba na maduka ya Wasomali yakapigwa mawe, mengine yakavunjwa. Wengi wa waliopigwa walizaliwa hapa hapa, wana vitambulisho kama vyetu. Wengine ni watu waliotoka Mogadishu na Kismayo wakikimbia kundi lilelile la wauaji tulilodai tunalipiza kisasi kwake. Ningependa mtu anieleze mtoto wa Shule ya Jumapili alifaidika na nini duka la mitumba lilipovunjwa.

Wiki ya pili haina mawe kila mara. Mara nyingi huja kwa utaratibu na adabu. Mwenye ploti hukumbuka ghafla kwamba chumba alichokitangaza kimeshachukuliwa, akisikia jina la anayeuliza. Ndani ya matatu, mwanamke wa buibui akipanda na mkoba mkubwa, abiria wawili watatu hukumbuka wanashuka kituo hiki. Mwezi Aprili 2014 serikali ilifanya msako mkubwa ulioitwa Usalama Watch. Maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikamatwa, na wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani kukaguliwa. Akina mama wenye watoto wachanga walilala huko. Sikumbuki mimbari nyingi zilizosema neno juu yao. Nakumbuka maombi, ndiyo, na katika maombi hayo wale waliokuwa majirani walikuwa wamegeuka kuwa "hawa watu".

Wapo wanaosema: Mchungaji, unatutaka tusikasirike? Hapana. Mji usiokasirika baada ya watoto wake kuuawa una ugonjwa. Ninachouliza ni hasira inapelekwa kwa nani, na hapo ndipo somo letu la kwanza linatusaidia.

Kumbukumbu la Torati 21 ni sura ambayo hatuihubiri, labda kwa sababu ina ng'ombe anayevunjwa shingo. Inasema hivi: mtu akikutwa ameuawa shambani na muuaji hajulikani, wazee na waamuzi watoke, wapime umbali kutoka maiti mpaka miji iliyo jirani. Mji ulio karibu zaidi ndio unaowajibika. Wazee wake wanamchukua mtamba ambaye hajawahi kufungwa nira, wanampeleka bondeni penye maji yanayotiririka na ardhi isiyolimwa, wanamvunja shingo, wananawa mikono juu yake, na kusema mbele za Mungu kwamba hawakuimwaga damu hiyo wala hawakuona ikimwagika. Kisha wanaomba msamaha kwa ajili ya watu wote.

Angalieni kilichomo na kisichokuwamo. Wazee wanatoka wenyewe, hawatumi askari peke yao. Wanapima mahali penyewe, hawakisii. Wanakubali kwamba kifo kilichotokea karibu nao kinawadai, hata kama mikono yao ni safi. Na hakuna neno hata moja linalosema: mtafuteni mgeni anayekaa pembeni mwa mji. Israeli walikuwa na wageni kila mahali, na ingekuwa rahisi sana. Sheria inauzuia mji kumtoa kafara mtu asiye na hatia ili roho za watu zitulie.

Sasa tujipime sisi. Baada ya Westgate tuliahidiwa tume ya uchunguzi, na mpaka leo haijaundwa. Tuliona wenyewe, kwenye picha za kamera za dukani, askari wakitoka na mifuko ya plastiki mikononi wakati nchi ikiwalilia wafu. Manusura wa 1998 na familia za waliokufa wangali wanazunguka na maombi yao ya fidia, wengine wakiwa vipofu tangu siku ile ya madirisha. Hayo ndiyo maswali ya wiki ya pili: nani alipuuza onyo, nani alichukua pesa mpakani, nani aliahidi akasahau. Maswali hayo yana gharama, ndiyo maana ni rahisi zaidi kumpigia kelele mwenye duka wa Eastleigh, ambaye hana walinzi wala msemaji.

Somo la Injili nalo linatuzuia kwa upande mwingine. Watu walimjia Yesu na habari mbaya za mjini: Pilato amewaua Wagalilaya walipokuwa wakitoa dhabihu, damu yao ikachanganyika na ya wanyama. Nadhani walioleta habari hiyo walitaka moja kati ya mambo mawili, ama awalaani Warumi, ama aeleze Wagalilaya wale walikosea wapi. Yesu hakuwapa lolote. Aliongeza mkasa mwingine, wa mnara wa Siloamu ulioanguka ukaua watu 18, akakataa kabisa hesabu ile ya kwamba waliokufa walikuwa na dhambi kuliko waliobaki. Kisha akawageuzia swali: na nyinyi je?

Ilibidi tulisikie hilo Nairobi, maana baada ya kila shambulio hatukosi wahubiri wa kutangaza kwamba Mungu ameuadhibu mji. Westgate ilisemwa ni pigo kwa wapenda anasa. Siku ile kwenye paa la maegesho watoto walikuwa kwenye mashindano ya mapishi. Anayeweza kusimama mbele ya mama wa mmoja wao na kumweleza hesabu ya dhambi, aende akamweleze ana kwa ana, asitumie kipaza sauti. Marafiki wa Ayubu angalau walikaa naye kimya siku saba kabla ya kuanza kusema upuuzi. Siku hizi hatungoji hata moshi utulie.

Niseme na la picha, kwa kuwa limo humo humo. Tarehe 15 Januari 2019, hoteli ya DusitD2 iliposhambuliwa na watu 21 kuuawa, gazeti la New York Times lilichapisha picha ya maiti zikiwa zimelala juu ya meza za mkahawa. Wakenya waliwaka mtandaoni, wakadai iondolewe, na walikuwa na haki: huwezi kuwaonyesha wafu wa watu hivyo wakati mama zao bado wanapiga simu. Ila nauliza kwa upole, picha ngapi za aina hiyo zilipita kwenye makundi yetu ya WhatsApp juma lile lile, pamoja na la maombi, zikiwa na maneno "Mungu atusaidie" chini yake? Heshima tuliyoidai New York tuidai pia kwa kidole chetu wenyewe.

Tumeona pia wiki ya pili inavyoweza kuwa. Tarehe 21 Desemba 2015, mwaka mmoja tu baada ya mauaji ya basi la kwanza, wauaji walilisimamisha basi jingine likielekea Mandera. Wakawaambia abiria wajitenge, Waislamu upande huu, Wakristo upande ule. Safari hii abiria Waislamu walikataa. Akina mama walikuwa wameshawavika Wakristo mitandio yao, na waliobaki wakawaambia wauaji kwamba kama ni kuua, waue wote. Mwalimu Salah Farah, naibu mwalimu mkuu na Mwislamu, alikuwa mmoja wa waliokataa. Alipigwa risasi, na mwezi Januari 2016 akafia hospitalini hapa Nairobi. Filamu ya Watu Wote ilitokana na mkasa wa basi hilo. Ninachotaka mkikumbuke ni hiki: abiria wale hawakuwa na saa moja ya kutafakari kama tuliyo nayo sisi leo. Walichokifanya barabarani walikuwa wamekizoea nyumbani, sokoni na shuleni, kwa kukaa na majirani kama majirani. Mtu hajifunzi kukataa kutengwa akiwa tayari ameelekezewa bunduki.

Basi nirudi kwenye damu, kwa sababu ndiyo ninayoweza kuwaomba kwa vitendo. Kabla ya 1998, mgonjwa alipohitaji damu hapa kwetu, aghalabu ndugu zake ndio walioitwa hospitalini. Baada ya mlipuko ule nchi ilijenga huduma ya kitaifa ya damu, kwa sehemu kwa msaada uliokuja kutokana na mkasa wenyewe. Kwa miaka mingi wachangaji wake wakuu wamekuwa wanafunzi wa sekondari. Sasa ni Agosti, shule zimefungwa, na kila zinapofungwa damu hupungua. Damu haiwekwi akiba kama mahindi ghalani: chembe nyekundu zinahifadhiwa kama siku 35 hadi 42, baada ya hapo zinamwagwa. Foleni ile ya Septemba 2013, na upendo wote uliokuwamo, kufikia Desemba isingeweza kumsaidia mama hata mmoja anayevuja damu baada ya kujifungua katika hospitali ya Pumwani. Anayeugua wiki ya pili, ya kumi na ya arobaini anahitaji watu wale wale, bila sauti ya mlipuko kuwaita.

Kwa hiyo Jumamosi ijayo, kuanzia saa tatu asubuhi, wahudumu wa damu watakuwa ukumbini kwetu. Nimemwalika imamu wa msikiti wa upande wa pili wa barabara, naye amekubali kuja na vijana wake. Umoja wa Akina Mama watapika chai ya kutosha kwa wote, na naomba wasiweke meza ya wageni kando. Mwenye umri wa miaka 16 hadi 65, uzito wa kilo 50 kwenda juu, na afya njema, aje. Wanaume waliotoa ndani ya miezi mitatu iliyopita, na wanawake ndani ya miezi minne, wapumzike safari hii, wasaidie kupanga foleni. Na wale wenye ploti mlio na vyumba vitupu, tutaonana nje baada ya ibada, nina familia mbili zinazotafuta nyumba na nitawapeni majina yao kamili.

Jumamosi mle kifungua kinywa kabla ya kuja.